Game Boy yenye boksi jeusi haijafa: kuiponya, kuitoa sauti safi na kuipigia singeli

Swali: Shikamoo fundi. Niko Mbagala, natengeneza biti za singeli kwenye laptop. Nimenunua Game Boy ya zamani, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo, pale Mchikichini; ni ile kubwa ya kijivu, ikiwa na kaseti moja tu ya gemu ya Tetris. Nikiwasha, taa nyekundu inawaka, mahali pa jina la Nintendo linashuka boksi jeusi, inalia "ting", halafu inaganda. Kioo kina mistari miwili ya wima isiyoonyesha kitu, na kwenye hedifoni kuna muungurumo. Fundi simu wa mtaani kasema prosesa imekufa. Hata hivyo yuko tayari kunifungia betri ya simu badala ya zile nne, na kuniwekea kioo kipya cha rangi. Nimeona watu wanapigia muziki mashine hizi. Je, inapona? Na nikitaka kuiingiza kwenye miksa bila makelele nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Prosesa yako ni nzima, na ushahidi umeuandika mwenyewe kwenye swali lako. Kabla hujampa mtu yeyote hiyo mashine, ngoja nikueleze lile boksi jeusi maana yake nini.

Ndani ya prosesa ya Game Boy kuna programu ndogo sana, baiti 256 tu, iliyowekwa kiwandani. Ukiwasha, hiyo ndiyo inayoamka kwanza. Kazi yake ni kuisoma picha ya jina la Nintendo, na picha hiyo, baiti 48, inaitoa kwenye kaseti uliyochomeka. Inaichora juu ya kioo, inaishusha taratibu, inapiga ule mlio, kisha inalinganisha ilichosoma na nakala iliyonayo yenyewe. Vikilingana, gemu inaanza. Visipolingana, inasimama palepale, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Sasa kaseti isiposomeka kabisa, kila baiti inarudi imejaa, na picha iliyojaa kila nukta ni boksi jeusi. Ungeona jina limekatikakatika au lina herufi za ajabu, ingekuwa na maana kwamba baadhi ya pini zinagusa na nyingine hazigusi.

Kwa hiyo ili uone boksi lile, prosesa imefanya kazi, kumbukumbu ya picha imefanya kazi, kioo kimepokea, na sehemu ya sauti imelia. Kilichokufa ni mawasiliano kati ya kaseti na mashine, na kwa hali ya hewa yetu ya Dar, chumvi ya baharini na unyevu, hilo ndilo tatizo la kwanza kwenye mashine karibu zote za aina hii zinazopita mezani kwangu. Fundi wako simlaumu, simu haina tabia hiyo.

Anza na kaseti. Usipulize. Najua wote tulipuliza, na mara nyingine iliwaka, lakini iliwaka kwa sababu uliichomoa na kuichomeka upya, na mate yako yakabaki kwenye shaba kuila polepole. Chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti kali ya kusafishia bodi, ile ya asilimia 90 na kuendelea wanayotumia mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi. Ikiwa huna nyingine itumie, ila uache vikauke muda mrefu zaidi. Thina na petroli hapana, vinayeyusha plastiki. Futa zile pini za kaseti kwa mwelekeo mmoja, kutoka ndani kuja nje, na ubadilishe pamba mpaka itoke nyeupe. Pamba ya kwanza itatoka na rangi ya kijivu inayoelekea kijani, usishtuke.

Kisha tundu lenyewe. Lowesha tena pini za kaseti kwa spiriti, ichomeke na kuichomoa taratibu mara kadhaa mashine ikiwa imezimwa na betri ziko nje, halafu iache ikauke kabisa. Mara nyingi kazi inaishia hapo na Tetris inaanza. Isipoanza, itabidi ufungue. Skrubu za nyuma zina kichwa cha miguu mitatu, umbo la herufi Y, na mbili kati yake zimejificha ndani ya chumba cha betri. Bisibisi ya Y iliyomo kwenye seti za kufungulia iPhone ni ndogo mno, itazunguka tupu na kuharibu kichwa cha skrubu. Uliza kubwa zaidi kwenye maduka ya vifaa vya mafundi simu Kariakoo, kuanzia Aggrey na mitaa ya jirani. Usikubali kuchokonoa kwa kisu. Ukishafungua, nusu ya mbele na ya nyuma zimeunganishwa kwa waya mpana bapa. Usizitenganishe kwa pupa, uvute waya huo ukiwa umenyooka kutoka kwenye soketi yake.

Ukiwa ndani, angalia kwanza umeme. Watu wengi wanakimbilia sauti, na sauti mbovu ya mashine hizi mara nyingi inaanzia kwenye umeme mchafu. Angalia spring za betri. Unga mweupe au wa bluu ni uvujaji wa betri za alkalaini, na dawa yake ni siki kidogo kwenye pamba, kisha spiriti kuondoa siki. Lakini betri nyingi za bei nafuu tunazonunua dukani ni za zinki na kaboni, na hizo majimaji yake ni tindikali. Hapo siki haisaidii kitu, tumia magadi ya kupikia yaliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, kisha futa na ukaushe. Kama spring imeliwa mpaka inavunjika, yoyote ya rimoti mbovu inayolingana ukubwa inafaa.

Halafu swichi ya kuwashia. Hii watu hawaifikirii kabisa. Ikishika kutu ndani inapunguza volti zinazopita, na matokeo yake ni taa inayofifia wakati betri ni mpya, mashine inayojizima ukiitikisa, na muungurumo. Idondoshee tone la spiriti na uisukume mbele na nyuma mara nyingi, betri zikiwa nje. Gurudumu la sauti lifanyie vivyo hivyo. Kama linakwaruza ukilizungusha, ni uchafu huohuo.

Baada ya hapo, weka betri na upime kwa mita. Kuna bodi ndogo iliyosimama peke yake upande wa umeme. Inapokea volti za betri na kutoa volti 5 za prosesa pamoja na volti hasi za kioo. Ukikuta 5 imetulia, bodi hiyo iache. Ukikuta inayumba, au kapasita zake zimevuja gundi ya kahawia, badilisha kapasita, na hapo hata mimi nakushauri umpe mtu mwenye mkono mtulivu.

Betri ya simu: hapana. Mashine hii imetengenezwa kwa betri nne za AA, zile za saa ya ukutani, jumla volti 6. Betri moja ya simu ikijaa ina volti 4.2 na inashuka hadi 3.7 na chini yake. Mbili kwa mfululizo zinafika 8.4. Moja hufikii kipimo, mbili unakipita. Bila saketi ya kupandisha au kushusha volti na ya kulinda chaji, unachofungiwa ni hatari ya moto ndani ya plastiki ya mwaka 1989. Nunua betri nne za AA za kuchaji, aina ya NiMH. Kila moja ina volti 1.2, jumla 4.8, na mashine inazikubali vizuri. Kuhusu lile tundu la adapta pembeni, linataka volti 6 na katikati yake ni hasi, wakati adapta nyingi za dukani katikati ni chanya. Ukichomeka ya kinyume ndipo utakapopata prosesa iliyokufa kweli. Na hata ukipata ya sawa, kwa muziki bado napendelea betri: ukiunganisha mashine na laptop kwenye miksa moja huku vyote vinakula umeme wa ukutani, unajitengenezea muungurumo mpya wa bure.

Mistari ya wima inaponyeka mara nyingi. Chini ya kioo kuna utepe mwembamba ulioshikizwa kwa joto, na miaka ikipita baadhi ya njia zake zinaachia. Fungua mbele, sogeza ukanda mwembamba unaoufunika, kisha pitisha pasi ya solda, moto wa chini, juu ya utepe pale chini ya mstari ulipopotea. Usikandamize na usitulie sehemu moja. Pita, inua, pita tena. Unaweza kufanya mashine ikiwa imewaka, utaona mstari unarudi mbele ya macho yako. Ukizidisha moto utaunguza utepe na kupoteza mistari kumi badala ya miwili, kwa hiyo kama hujawahi kushika pasi, fanya mazoezi kwenye bodi ya redio mbovu kwanza. Au uiache. Mistari miwili haikuzuii kupiga muziki.

Kioo kipya cha rangi ndicho ningekikataa kuliko vyote. Kinapendeza, sikatai, na kwa mtu wa kucheza gemu tu ni raha. Lakini vioo hivyo vya kisasa vina saketi yake inayokula umeme na kupitisha mlio mwembamba ndani ya njia ya sauti. Utakuwa umelipa pesa kununua makelele. Ukitaka kuona gizani, taa ya kawaida ya LED nyuma ya kioo kilekile inatosha.

Sasa twende kwenye sauti.

Sauti ya Game Boy inazaliwa ndani ya prosesa ileile. Inatoka kwenye pini mbili, kushoto na kulia, inapita kwenye gurudumu la sauti, inaingia kwenye chipu ndogo ya kukuza sauti, ndipo inafika kwenye hedifoni au spika. Chipu hiyo ya kukuza inakuza kila kitu, pamoja na uchafu wa umeme na mlio wa kioo. Kioo kinachorwa mstari kwa mstari, karibu mistari 9,200 kwa sekunde, na ndiyo maana ukitega sikio kuna mluzi mwembamba wa karibu kilohezi 9.2 nyuma ya muziki. Muungurumo wako wa chini, nadhani, nusu yake utaondoka ukishasafisha swichi. Mluzi hautaondoka kwa kusafisha.

Wapiga muziki wa mashine hizi wanafanya marekebisho wanayoyaita prosaundi. Wazo ni jepesi: unachukua sauti kabla haijafika kwenye chipu ya kukuza. Unachomelea waya tatu kwenye miguu ya gurudumu la sauti, upande ambao sauti inaingia, yaani kushoto, kulia na hasi, kisha unazipeleka kwenye tundu jipya unalolitoboa kwenye kava. Hasi itafute kwa mita, usibahatishe kwa macho. Tumia waya wenye ngao, ule wa maikrofoni, na upitishe mbali na bodi ya umeme. Kabla hujatoboa, funga kava na uhakikishe tundu jipya haligusi kaseti wala betri. Watu wanatoboa kwanza, halafu wanagundua betri haiingii. Kitu kizuri cha kazi hii ni kwamba hukati chochote cha kiwandani. Tundu la zamani la hedifoni linabaki hai, na ukichoka unaziondoa waya zako saketi inarudi ilivyokuwa, ingawa tobo la kava linabaki.

Tegemea mambo mawili. Sauti itatoka ndogo kuliko ya hedifoni, kwa sababu haijakuzwa, kwa hiyo kwenye miksa utapandisha geini. Na gurudumu halitaiongoza tena, ujazo utaushika kwenye miksa. Besi ndiyo utakayoisikia kwanza: inatoka nzito, haina ule uvimbe wa spika ndogo. Ndiyo sababu wapiga muziki wengi wanaliheshimu tofali hili la kijivu kuliko Game Boy Pocket ya 1996 au Color ya 1998, ingawa hizo ni ndogo na zinakula betri mbili tu.

Lakini je, unahitaji prosaundi leo? Kama nia yako ni kuipeleka kigodoro, yaani sherehe ya mtaani, Manzese na kuipiga kupitia spika zilizopangwa ukutani huku jenereta linanguruma nyuma, hakuna atakayesikia huo mluzi. Chomeka kwenye tundu la hedifoni na upige. Kama ni kurekodi studio, ambapo utakuja kubana sauti na kila uchafu utapanda juu, hapo fanya. Ushauri wangu ni uipige kwanza muda wa kutosha kwenye tundu la kawaida, kisha uamue. Mashine hizi hazitengenezwi tena, na nimeona nyingi zimetobolewa na watu waliokuja kuziacha wiki chache baadaye.

Tetris haitakusaidia kwenye muziki. Kaseti yake ina kilobaiti 32 tu, ni ya kusoma basi, haihifadhi kitu. Unahitaji kaseti tupu ya kuandikika na programu ya muziki ndani yake. Programu mbili kubwa ni Nanoloop ya Oliver Wittchow wa Ujerumani, iliyoanza 1998, na Little Sound DJ ya Johan Kotlinski wa Uswidi, ambayo watu wanaiita LSDJ. Nanoloop ni ya miraba na mizunguko, unaigusa na inaimba, na ina toleo la simu ukitaka kuonja. LSDJ ni jedwali la namba lililojaa skrini, linatisha siku za mwanzo, ila kwa kazi yako chagua hilo. Yenyewe ina ukubwa wa megabaiti 1 na inataka kaseti yenye kilobaiti 128 za kuhifadhia, kwa hiyo ukiagiza kaseti hakikisha vipimo hivyo vimetajwa. Kabla hujaagiza, ifungue kwenye emuleta, programu inayoiga Game Boy, kwenye laptop yako. Ikikuchosha huko, itakuchosha zaidi kwenye kioo cha kijani.

Kwa nini nasema kwa kazi yako? Singeli ina kasi, mara nyingi inapita mapigo 200 kwa dakika, na LSDJ inakubali kutoka 40 mpaka 295. Utaona jambo la kuchekesha ukiiweka kwa amri ya T, ile ya kupanga tempo: namba zake ni za heksadesimali, yaani hesabu ya kumi na sita, zinaanzia 28, ambayo ni 40, zinapanda mpaka FF, ambayo ni 255, kisha zile namba za chini zilizobaki, 00 mpaka 27, ndizo zinazobeba 256 hadi 295. Kwa hiyo kasi kubwa kuliko zote iko kwenye namba zinazoonekana ndogo kuliko zote. Ukitaka kupita hapo, punguza tiki kwenye gruvu, pale LSDJ inapopanga kila hatua ichukue muda gani, badala ya kupandisha tempo.

Una sauti nne tu. Mbili ni za mawimbi ya mraba, hapo weka kinanda chako kile kinachozungukazunguka. Moja ikipiga, nyingine iijibu nusu hatua nyuma, utapata mwangwi bila kuwa na mwangwi. Ya tatu ni ya wimbi la kuchora mwenyewe, sampuli 32 za biti 4, na hiyo ndiyo besi. Ya nne ni kelele tupu, hizo ni hihati na snea. Mtihani uko kwenye ya tatu: LSDJ inaweza pia kupiga vipande vya sauti vilivyorekodiwa, na ukitaka kukata kipande cha kinanda cha taarabu kama singeli ilivyozoea kufanya, kitapita kwenye chaneli hiyohiyo ya besi. Vyote viwili kwa wakati mmoja haiwezekani. Unapokezanisha, besi kwenye pigo, kipande kwenye nafasi inayobaki, na kwa kasi hiyo sikio halipati muda wa kulalamika. Kwenye stirio kila chaneli ni kushoto, kulia au kote kuwili. Hakuna robo wala nusu. Besi iache kote kuwili, maana spika nyingi za mtaani zimefungwa upande mmoja tu.

Jambo la mwisho ni kuhifadhi. Kaseti nyingi za kuandikika zinatunza kazi yako kwa betri ya kidonge iliyomo ndani. Ikiisha au ikitolewa, nyimbo zimekwenda. Ukija kuibadilisha, nunua yenye masikio ya chuma yaliyokwisha kushikizwa, kamwe usiichomelee yenyewe moja kwa moja kwa pasi, inaweza kupasuka. Taa nyekundu ikianza kufifia usibonyeze kuhifadhi, badilisha betri kwanza, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika wimbo unaharibika. Na kila ukimaliza biti moja inayoeleweka, hamisha faili la kumbukumbu kwenye laptop siku hiyohiyo.